Maisha ya Bibi Jane Addams (1860–1935)

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Muhula uliopita, katika somo la historia, tulifundishwa habari za Mkataba wa Versailles uliofuata Vita Kuu ya Kwanza. Tuliandika madaftarini majina ya wakubwa waliokutana Paris mwaka 1919: Bwana Wilson wa Marekani, Bwana Lloyd George wa Uingereza, Bwana Clemenceau wa Ufaransa na Bwana Orlando wa Italia. Majina hayo tuliyakariri hata wengine wakayataja usingizini. Ndipo msichana mmoja wa darasa letu akainua mkono, akauliza kama hapakuwa na mwanamke hata mmoja katika mkutano ule, maana vita vile viliwaua waume na wana wa wanawake, na wanawake wenyewe walikufa kwa njaa. Mwalimu akajibu kwamba miongoni mwa wajumbe wenye mamlaka ya kutia sahihi hapakuwa na mwanamke, ila wako waliopiga hodi wakaachwa nje. Akatuagiza tutafute maktabani habari za Bibi Jane Addams. Nilitafuta, na haya ndiyo niliyoyapata. Nawaomba wasomaji wa gazeti letu mniwie radhi nikirefusha maneno, kwa kuwa mambo ya bibi huyu ni mengi.

Jane alizaliwa tarehe 6 Septemba 1860 katika kijiji cha Cedarville, jimbo la Illinois, Marekani. Baba yake, Bwana John Addams, alikuwa na kinu cha kusagia nafaka, tena alikuwa mjumbe katika baraza la jimbo na rafiki wa Rais Abraham Lincoln. Mama yake alikufa Jane akiwa na umri wa miaka miwili tu. Kisha, angali mtoto mdogo, akashikwa na kifua kikuu cha uti wa mgongo. Mgongo ukapinda, naye akawa anatembea na kichwa kimeinama upande mmoja. Alijiona ana sura mbaya sana. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba siku za Jumapili, wageni walipokuja kanisani, alipenda kutembea kando ya baba yake mdogo, ili watu wasijue kwamba bwana yule mrefu, mzuri wa sura, ndiye mzazi wa mtoto aliyepinda vile. Hata siku moja baba yake alikutana naye katika barabara kubwa ya mji wa jirani. Akavua kofia yake ya hariri akamwinamia mbele ya watu wote, kama mtu anayemwamkia bibi mwenye heshima kubwa. Jane hakuisahau siku ile mpaka uzee wake.

Alisoma katika shule ya wasichana ya Rockford, akamaliza masomo mwaka 1881. Mwaka huo huo baba yake akafa. Alianza kusomea udaktari huko Philadelphia, lakini ule ugonjwa wa mgongo ukamrudia na masomo yakakatika. Basi miaka kadhaa ilipita naye hana kazi maalumu, anasafiri tu na kujiuliza atafanya nini na maisha yake. Mimi sehemu hii naipenda. Mara nyingi tunasoma habari za watu wakubwa kana kwamba walijua tangu utotoni mahali wanapokwenda. Huyu hakujua mpaka alipokaribia miaka thelathini.

Mwaka 1888 alizuru upande wa mashariki wa London, akaiona nyumba iitwayo Toynbee Hall, ambamo vijana waliotoka vyuo vikuu waliishi katikati ya maskini na kufanya kazi pamoja nao. Jambo hilo lilimwingia moyoni. Mwaka uliofuata, yeye na rafiki yake, Bibi Ellen Gates Starr, wakahamia katika nyumba kuukuu mtaa wa Halsted mjini Chicago, nyumba iliyojengwa zamani na tajiri aliyeitwa Hull, nayo ikajulikana kwa jina la Hull House. Majirani zao walikuwa watu waliohamia Marekani kutafuta kazi: Waitalia, Wajerumani, Waayalandi, Wagiriki, na Wayahudi waliotoka Urusi. Mama wengi walikwenda viwandani alfajiri wakiwafungia watoto vyumbani, maana hapakuwa na wa kuwatazama. Basi mabibi hao wakaanza kwa kuwalea watoto wale mchana, kisha wakaweka masomo ya jioni, bafu za kuogea na uwanja wa michezo.

Kuna kisa kimoja cha Chicago kilichonichekesha. Takataka za mtaa ule zilirundikana barabarani katika masanduku makubwa ya mbao, na wale waliolipwa kuzizoa hawakuzizoa. Bibi Addams alilalamika mara nyingi asisikilizwe. Mwisho, mwaka 1895, akaomba apewe yeye kazi ya kuzoa taka za kata nzima. Kazi hiyo hakupewa, lakini meya akamfanya mkaguzi wa taka, kwa mshahara wa dola 1,000 kwa mwaka. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi bibi huyu aliyesoma alikuwa njiani, anayafuata magari ya farasi ya kuzolea taka kuhakikisha yanafika jaani. Tangu zamani hizo alikuwa akisema kwamba wanawake wana haki ya kutoa shauri katika mambo ya mji, maana maziwa mabovu na maji machafu hayasimami mlangoni yakaacha kuingia nyumbani. Yeye na wenzake walisaidia kupatikana sheria ya mwaka 1893 ya kuwakinga watoto na kazi za viwandani katika jimbo la Illinois, na mahakama ya watoto ya mwaka 1899, iliyokuwa ya kwanza katika Marekani.

Vita vilipoanza Ulaya, Agosti 1914, Bibi Addams alikuwa na umri wa miaka 53, na pengine hapakuwa na mwanamke katika Marekani aliyependwa kuliko yeye. Msomaji akumbuke neno hilo, litatufaa mbele. Januari 1915 wanawake wapatao 3,000 walikutana Washington, wakaunda Chama cha Amani cha Wanawake, wakamchagua awe mwenyekiti.

Siku zile kulikuwa na umoja wa wanawake wa nchi nyingi waliodai haki ya kupiga kura. Mkutano wao wa mwaka 1915 ulikuwa ufanyike Berlin, lakini ukafutwa kwa sababu ya vita. Daktari Aletta Jacobs wa Uholanzi, aliyekuwa mwanamke wa kwanza wa nchi yake kuwa daktari, hakukubali. Aliona kwamba wakati watu wanapouana ndipo hasa inapobidi wanawake wakutane. Uholanzi haikuwamo vitani, kwa hiyo akawaalika waje mji wa The Hague, akamwomba Bibi Addams awe mwenyekiti wa mkutano.

Wamarekani zaidi ya 40 walipanda meli iitwayo Noordam mwezi wa Aprili. Njia ile ilikuwa ya hatari, maana bahari ilijaa mabomu na nyambizi. Walipokaribia pwani ya Uingereza, wakubwa wa Kiingereza waliisimamisha meli karibu na Dover siku kadhaa bila ya kueleza sababu. Hawakuruhusiwa kushuka, na siku ya mkutano inakaribia. Mwisho waliachiliwa, wakafika The Hague tarehe 28 Aprili, siku ile ile ya kufungua mkutano. Waingereza wenyewe walipata taabu zaidi. Wanawake 180 walitaka kwenda, lakini serikali yao iliwanyima wengi hati za kusafiria, kisha bahari ikafungwa kabisa, wakafika watatu tu, nao ni kwa sababu walikuwa wamekwisha kuwa nje ya Uingereza. Wafaransa hawakuja. Wajerumani walikuja, na Wabelgiji watano wakaja pia, ijapokuwa nchi yao ilikuwa chini ya jeshi la Wajerumani.

Walikutana katika ukumbi wa bustani ya wanyama, wajumbe zaidi ya 1,100 wa nchi 12, na wengi wao walikuwa Waholanzi. Waliweka sharti kwamba mtu asizungumze habari ya nani aliyeanza vita wala nani anayevipigana vibaya. Mimi kwanza niliona sharti hilo ni la woga, lakini nilipofikiri zaidi nikaona kwamba bila ya sharti hilo Mjerumani na Mbelgiji wasingekaa chumba kimoja hata kwa saa moja. Walikaa siku nne, wakapitisha maazimio 20. Azimio lao mojawapo lililaani mateso ya wanawake vitani, nao hawakuficha kutaja kunajisiwa, jambo ambalo siku zile mabibi wa heshima hawakulitaja mbele za watu. Wakataka nchi zisizokuwa vitani ziunde baraza la kupatanisha, lisilochoka kupeleka mashauri mpaka vita viishe. Wakataka nchi isihamishwe kutoka serikali moja kwenda nyingine bila ya ridhaa ya wanaume na wanawake waishio humo. Na wakataka wanawake wamo katika mkutano utakaofanya amani. Tena wao wenyewe wakaazimia kukutana mahali pale pale na wakati ule ule mkutano huo wa wakubwa utakapofanyika.

Hili la mwisho ndilo lililonifanya niandike. Mwaka jana, hapa bwenini, palitokea ugomvi wa zamu ya maji kati ya mabweni mawili. Wakubwa wa mabweni wakakaa, wakapatana vizuri sana, wakapeana mikono. Ila wadogo wa Kidato cha Kwanza, ambao ndio hubeba ndoo, hawakuulizwa, na zamu yao ikaangukia saa ya chakula. Mapatano yale yalidumu siku nne. Najua vita vya mataifa si ndoo za maji, lakini nilipolisoma azimio lile niliwakumbuka wale wadogo na sahani zao zilizopoa.

Basi mkutano ulipokaribia kwisha, Bibi Rosika Schwimmer wa Hungaria akasimama akasema haifai kuyaacha maazimio katika makaratasi. Wapelekwe wajumbe kwa wafalme na mawaziri, waliomo vitani na wasiomo. Bibi Addams hapo kwanza aliliona shauri hilo kuwa la kipuuzi. Hata hivyo mkutano ulipoamua alikwenda. Katika wiki zilizofuata, yeye na Daktari Jacobs, pamoja na Daktari Alice Hamilton wa Hull House, walikwenda London, Berlin, Vienna, Budapest, Rome na Paris, wakaonana na mawaziri wakuu na mawaziri wa mambo ya nje, hata na Baba Mtakatifu Benedict wa 15. Kila serikali iliwapokea kwa adabu, na kila serikali ikasema kwamba yenyewe inapigana kwa kujilinda tu. Katika nchi moja Bibi Addams alimwambia waziri mkuu kwamba labda yeye anawaona ni wajinga kuzungukazunguka hivi. Waziri akapiga meza kwa mkono wake, akasema kwamba tangu vita vianze wanaoingia chumbani mle huomba watu zaidi, silaha zaidi au fedha zaidi, na hao wanawake ndio wa kwanza kuja na neno la akili. Akasema hivyo, na vita vikaendelea.

Aliporudi nyumbani ndipo balaa lilipomfika. Tarehe 9 Julai 1915 alihutubia watu wengi katika Carnegie Hall, mjini New York. Katika hotuba ile alitaja kwamba katika kila nchi aliyofika aliambiwa askari hupewa pombe kabla ya kushambulia kwa singe, kwa sababu vijana wale hawana moyo wa kuchomana hivi hivi. Magazeti yakamrukia. Yakasema amewatukana mashujaa waliokufa na kuwaita walevi. Barua za matusi zikamiminika Hull House. Hata Bwana Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais zamani, na ambaye Bibi Addams alimuunga mkono katika uchaguzi wa mwaka 1912, alikuwa amekwisha kuwadhihaki wanawake hao wa amani. Na Marekani ilipoingia vitani, Aprili 1917, naye akashikilia maneno yake yale yale, watu waliokuwa wakimsifu walivuka barabara wasimwamkie. Hakukaa bure. Alizunguka nchi akifundisha wanawake kuweka akiba ya chakula ili kipelekwe kwa wenye njaa, maana alisema kulisha watu ni kazi ya wanawake tangu asili, vita viwepo visiwepo. Kama ningekuwa mimi, sijui kama ningestahimili. Kudharauliwa na adui si kitu, lakini hawa walikuwa majirani na marafiki zake.

Vita vilikwisha Novemba 1918. Wanawake walikuwa wameazimia kukutana mahali pale pale pa wakubwa, lakini wakubwa walikutana Paris, na wanawake wa nchi zilizoshindwa wasingeweza kuingia Ufaransa. Ilibidi wachague: ama wakutane Paris bila ya Wajerumani na Waaustria, ama wakutane wote mahali pengine. Wakachagua kwenda wote mji wa Zurich, katika Uswisi. Kwa uchaguzi huo walikuwa mbali na meza ya wakubwa, nami nadhani walijua hasara yake. Kwani wako wanawake wengine, wa nchi zilizoshinda, waliokuwa Paris, nao mwezi wa Aprili 1919 wakapewa nafasi fupi ya kusikilizwa na kamati iliyotunga katiba ya Shirikisho la Mataifa. Kwa nafasi ile fupi wakapata kifungu cha saba, kilichosema kazi zote za Shirikisho ziwe wazi kwa wanaume na wanawake sawasawa. Nimejiuliza sana ni akina nani waliofanya vema, wa Paris au wa Zurich. Mpaka sasa sijapata jibu.

Kabla ya kufika Zurich, Bibi Addams alipita katika nchi ya Ufaransa iliyoharibiwa na mizinga, akitafuta kaburi la mtoto wa dada yake, aliyeuawa huko Argonne mwezi wa Oktoba 1918, wiki chache tu kabla ya vita kwisha. Tangu Mei 12 mpaka 17 wanawake karibu 150 wa nchi 16 walikaa Zurich. Wengi wao hawakuonana tangu mwaka 1915. Mjumbe mmoja wa Vienna alikuwa amekonda na kunyauka hata Bibi Addams alipata shida kumtambua. Manowari za washindi zilikuwa bado zinazuia chakula kuingia Ujerumani na Austria, miezi sita baada ya silaha kuwekwa chini, na watoto walikuwa wanakufa. Wanawake wakapeleka simu Paris kuomba chakula kiruhusiwe kupita. Rais Wilson akajibu kwamba ombi lao limemgusa, lakini matumaini ni madogo. Wakubwa wengine hawakujibu. Kizuizi kile kiliondolewa mwezi wa Julai.

Masharti ya mkataba yalikuwa yametolewa tarehe 7 Mei. Wanawake wa Zurich waliyasoma, wakawa mkutano wa kwanza duniani kuyapinga hadharani. Walisema masharti yale yatapanda chuki na umaskini katikati ya Ulaya na kuzaa vita vingine. Yatazamwe majina ya wale waliosema hivyo: walikuwamo Waingereza, Wafaransa na Wamarekani, yaani watu wa nchi zilizoshinda. Siku ya mwisho alifika Bibi Jeanne Mélin, Mfaransa wa Ardennes, wilaya iliyokaliwa na kuharibiwa na Wajerumani. Alipoingia, Bibi Lida Gustava Heymann, Mjerumani, akainuka akaenda kumpa mkono mbele ya watu wote. Kisha Bibi Emily Balch wa Marekani akasimama na kuinua mkono, na ukumbi mzima ukasimama naye, wakaapa kufanya kazi ya amani maisha yao yote. Pale pale chama chao kikapewa jina la Shirika la Kimataifa la Wanawake la Amani na Uhuru, Bibi Addams akawa rais wake.

Hapa yafaa niache Zurich kidogo nirudi nyumbani, kwa sababu mkataba ule unatuhusu. Nchi yetu ilikuwa mali ya Wajerumani, na vita vilipiganwa humu tangu mwaka 1914 mpaka Jenerali von Lettow alipoweka silaha Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Wanaume walichukuliwa kuwa wapagazi, wengi wasirudi. Majeshi yalikula nafaka na ng'ombe. Huko Ugogo njaa iliyofuata waliiita Mtunya, na juu ya njaa likaja homa la mwaka 1918. Waliobaki kulima na kuzika walikuwa wanawake. Na mwaka ule ule wa 1919, wakubwa wa Paris waliigawa nchi: sehemu kubwa kwa Waingereza, Ruanda na Urundi kwa Wabelgiji, na kipande cha Kionga, kusini ya mto Ruvuma, kwa Wareno. Hakuulizwa mwanamume wala mwanamke. Azimio la The Hague, la kwamba nchi isihamishwe bila ya ridhaa ya watu wake, lilikuwa limekwisha kuandikwa miaka minne, lakini aliyegawa hakulitazama. Walakini haki isemwe pande zote. Katika Zurich alikuwamo mjumbe mmoja mweusi, Bibi Mary Church Terrell wa Marekani. Lakini nchi 16 zile zilikuwa za Ulaya, Amerika na Australia. Mama wa Kigogo aliyezika watoto katika Mtunya hakuwa na mtu wa kumsemea hata katika ukumbi wa wale waliotaka wanawake wasikilizwe.

Miaka iliyofuata sitaieleza kirefu. Bibi Addams alikwenda Ujerumani mwaka 1919 kuwaona watoto wenye njaa, akarudi kuwaombea chakula, na kwa hilo pia akatukanwa. Wapelelezi wa serikali waliandika jina lake katika orodha za watu wa hatari. Chama kimoja kikubwa cha wanawake wazalendo, kilichokuwa kimempa uanachama wa heshima, kilimfukuza. Aliongoza shirika lake mpaka mwaka 1929. Hasira za watu zikapoa polepole, na mwaka 1931 akapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani pamoja na Bwana Nicholas Murray Butler, akawa mwanamke wa kwanza wa Marekani kuipata. Siku ya kupokea tuzo alikuwa mgonjwa hospitalini Baltimore, hakuweza kusafiri kwenda Norwe. Fedha za tuzo alilipa shirika lake. Alikufa Chicago tarehe 21 Mei 1935, na maelfu ya watu, wengi wao wafanyakazi wa viwandani na watoto wao, walipita Hull House kumuaga. Alizikwa Cedarville, karibu na baba yake. Hakuishi kuviona vita vya mwaka 1939. Rafiki yake Bibi Balch aliviona, naye akapata tuzo ile ile mwaka 1946.

Shirika lao halikufa. Lilikuwa miongoni mwa waliohangaika mpaka Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, likiwa chini ya uenyekiti wa Namibia, likapitisha azimio namba 1325 tarehe 31 Oktoba 2000, linalotaka wanawake washiriki katika kufanya amani na walindwe wakati wa vita. Ilikuwa imepita miaka 85 tangu The Hague. Mwezi wa Julai mwaka huo huo, hapa kwetu Arusha, wanawake zaidi ya 50 wa Burundi, Wahutu na Watutsi, walikutana wakati wanaume wa vyama vya siasa wakizungumza jinsi ya kumaliza vita vya nchi yao. Kwa muda mrefu wanawake wa Burundi walikuwa wakikaa nje ya vyumba vya mazungumzo, wakiwashika wajumbe mlangoni waingiapo na watokapo. Safari hii walipeleka mashauri yao kwa mpatanishi, Mzee Nelson Mandela: wanaonajisi waadhibiwe, wasichana wasomeshwe sawa na wavulana, wanawake waweze kurithi ardhi. Mengi ya mashauri hayo yaliingizwa katika mkataba uliotiwa sahihi Arusha tarehe 28 Agosti 2000. Waliomba pia wapewe asilimia 30 ya nafasi katika serikali na bunge. Hilo walikataliwa mwaka ule, nalo likaja kuandikwa katika katiba ya Burundi mwaka 2005.